Swali la Kambo la kila jioni

Leo asubuhi nimepita tena polepole mbele ya chumba cha Kambo ili nisimwamshe. Nilipofika jikoni ndipo nilipokumbuka kwamba tulimzika Jumamosi.

Kwa wasiojua, Kambo ni bibi, mama wa mama yangu. Alikuwa pia rafiki yangu, na ninyi mnaonifuata hapa mnajua kwamba marafiki sina wengi. Mimi ni mtu wa kuweka picha za vitabu.

Aliniita Professeur. "Professeur, acha kitabu ipumuzike kidogo, kuya tukule."

Alizaliwa Pweto, akauza samaki wakavu sokoni hapa Lubumbashi mpaka magoti yakakataa. Mteja akilalamika kwamba samaki ni mdogo, alimjibu bila kucheka: "Beba tu, itakuwa mukubwa kule kwako."

Na kila jioni, akiwa kitandani tayari, alitaka kujua kama lango limefungwa. "Munafunga mulango?" Tukiitika, aliuliza ni nani aliyefunga. Ukisema ni mimi: "Basi enda angalia tena." Nafikiri mtaa wetu wote wa Bel-Air ulijua habari za lango letu.

Kwetu, kwenye kilio, watoto wa marehemu wanalia. Wajukuu wana kazi nyingine. Wanavaa nguo zake, wanatembea kama yeye, wanawatania wenye msiba hadi wacheke, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Mwaka jana mdogo wake Kambo alipofariki, wajukuu wengine wote walicheza hivyo. Mimi nilikaa pembeni na kitabu changu. Kambo aliniona. Tuliporudi nyumbani akaniambia: "Siku ya kilio yangu, ni weye utaniiga. Bale bengine batanifanya muzee."

Nikamjibu kwamba mimi sijui kusema mbele ya watu.

"Hautasema weye," alisema. "Nitasema miye."

Tangu hapo, tukiwa jikoni, alinifanyisha répétition, mazoezi ya siku hiyo. Nilitembea kutoka kwenye jiko hadi mlangoni, mkono kiunoni, naye ananikosoa. "Kiuno yangu iko vile? Anza tena." Tulicheka. Franchement, kusema kweli, sikufikiri kwamba tulikuwa tunajitayarisha kwa jambo lolote.

Ijumaa, kwenye kilio, mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Tangu tutoke hospitali alikofariki Kambo, hakuwa amekula wala kulia. Mashangazi walimbembeleza, wakaimba, wakasali. Hakumtazama mtu. Niliogopa. Niliona kama nimempoteza Kambo na sasa ninampoteza na yeye.

Nikaingia chumbani, nikavaa kitenge cha Kambo na kitambaa chake cha kichwa. Bado vilinuka samaki na sabuni.

Nilipotoka, watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimetayarisha mambo ya sokoni, yale ya samaki na wateja, lakini kichwani hapakubaki hata neno moja. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia: "Mumuache, mutoto iko na haya."

Nikaweka mkono kiunoni. Sijui kwa nini, lililotoka ni lile swali.

"Munafunga mulango?"

Kisha mama yangu, bila kuinua kichwa: "Tunafunga, Mama."

"Nani anafunga?"

"Ni miye."

"Basi enda angalia tena."

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akafunika mdomo, na ndani ya kicheko hicho hicho machozi yakaanza. Akanivuta, akalia kwenye kitenge cha mama yake, na mimi nimo ndani. Tulikaa hivyo muda mrefu. Baadaye akaomba bukari, ugali wetu, akala nusu ya sahani.

Nimesoma vitabu vingi, lakini hakuna kilichonifundisha kumshika mtu anayelia. Mimi bado ni mtu wa haya. Jana darasani sikuinua mkono, na jibu nilikuwa nalijua. Lakini sasa najua kwamba kama sauti yangu haitoshi, ninayo ya mwingine ndani, na aliniachia kwa makusudi.

Kambo, jioni hii hakuna aliyeuliza. Nimetoka mwenyewe. Lango limefungwa. Ni mimi niliyefunga, na nimeenda kuangalia tena.

Lala sasa.