Kichuguu cha Nusu Njia

Mimi sikuwahi kuwa bingwa wa mieleka, na anayewaambia kwamba nilikuwa, huyo anataka nimnunulie pombe. Nilikuwa kijana wa Michenga mwenye mabega na kisirani, basi. Tulikuwa wanane. Mpunga ukishavunwa na mbuga zikakauka, kazi yetu ilikuwa kuvua kambale kwenye madimbwi na kuangushana. Lakini ukiangushana na watu wale wale kila siku unachoka nao. Ndipo tukasikia kwamba Kisawasawa, kule chini ya milima, kuna vijana wanane wengine ambao nao wamechokana.

Kutoka kwetu mpaka Kisawasawa, ukiondoka alfajiri unafika jua limeanza kuinama. Mara ya kwanza tulikwenda sisi. Tulifika miguu imevimba, tukaangushwa wote wanane kabla jasho la njia halijakauka. Mara ya pili wakaja wao, nao wakaangushwa. Hapo tukagundua kwamba kwenye mieleka anayeshinda si mwenye nguvu, ni mwenye nyumba.

Kukawa na ugomvi, na ugomvi ule ulikuwa mtamu kuliko mieleka yenyewe. Kila mmoja wetu alikuwa na wake wa kushikana naye. Wangu alikuwa mrefu, mwembamba, na alipenda kusema kama mzee wa baraza ingawa ndevu hana. Mara ile ya pili hakuja kwetu kwa sababu ya jipu mahali ambapo sitapataja, ila alituma maneno. Alisema mwenyeji atoke kwake, aende mpaka nusu ya njia kumpokea mgeni, kisha warudi pamoja. Mgeni atakuwa ametembea njia nzima. Mwenyeji atakuwa ametembea nusu ya kwenda na nusu ya kurudi, nayo ni nzima. Tulikaa siku mbili tukitafuta kasoro, hatukuipata.

Sasa nusu iko wapi? Tulikubaliana kila upande uondoke jogoo wa kwanza akiwika, na pale tutakapokutana ndipo nusu. Loo! Sisi tukasema moyoni, tukienda polepole, wao watatembea zaidi. Kumbe nao wamesema hivyo hivyo. Tulitembea kama wanaobeba maiti. Tulipumzika kila kivuli, tukafunga na kufungua mizigo ambayo haikuwa na kitu. Jua lilipoanza kuzama tulikuwa bado tunaona moshi wa nyumba zetu, na wao wanaona wa kwao. Kila upande ukarudi nyumbani ukiwalaani wenzao kwa ujanja.

Aliyetuamua ni bibi mmoja mfinyanzi. Aliishi peke yake huko katikati, kando ya kichuguu kikubwa kuliko nyumba yake, na udongo wa kichuguu hicho ndio aliofinyangia vyungu. Aliuza pande zote mbili na hakumpenda mtu yeyote.

"Shikamoo bibi," tulimwambia. "Tunatafuta nusu ya njia."

"Marahaba. Mmeikalia," akasema. "Anayetoka Michenga huniomba maji hapa. Anayetoka Kisawasawa huniomba maji hapa. Kiu zao nazijua, ni moja. Haya ondokeni, mnanikanyagia vyungu."

Basi kichuguu kikawa nusu. Tulidhani tumemaliza, kumbe haki ukishaifungulia mlango inaingia na ndugu zake. Tulikuwa tukishikana mara mbili, jioni tunapofika na asubuhi yake. Watu wakasema mgeni anashibishwa ugali makusudi ili asubuhi awe mzito. Ikawekwa sheria kwamba mwenyeji na mgeni wale bakuli moja, tonge kwa tonge. Wengine wakasema mgeni analala kitandani, mwenyeji analala chini na kuamka na mgongo mbovu. Ikawekwa sheria kwamba wote walale chini.

Nilipokwenda Kisawasawa mara ya pili, mimi na mwenzangu, yule mrefu, tulijinyoosha kwenye udongo wa nyumba yao, na kitanda cha kamba kiko hapo juu yetu, kitupu. Mama yake alisimama mlangoni akatutazama weee.

"Kitanda changu kimekosa nini?" akauliza.

"Hakijakosa, mama. Ni haki," mwenzangu akamjibu.

"Haki ya mwendawazimu," akasema, akaondoka.

Asubuhi yake mwenzangu aliniangusha kwa haki kabisa. Kisha mama yake akaja na jembe, akaliweka mbele ya miguu yangu, watu wote wakitazama. "Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe."

"Lakini mama, nimelala siku moja tu!"

"Moja mwaka jana, moja mwaka huu. Umekula majogoo yangu mawili, na mwanangu hajaonja hata ukoko wa kwenu. Ukija tena kabla hujamkaribisha, jembe hili ni lako."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliwaka masikio. Habari ikanitangulia nyumbani, na mama yangu mzazi akakataa kunisemesha siku nzima, kisha akasema neno moja tu. "Kwa hiyo huko wanajua kwetu hakuna jiko." Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja duniani, yule mrefu aje alale kwetu na ale mpaka ashindwe kusimama. Mama alichagua jogoo akamfunga kamba mguuni, asipotee kabla ya siku yake.

Siku ikafika. Tulitoka wanane, tukafika kichuguuni, na wao wanane hao wanatokea upande wa pili. Lakini chini ya kibanda cha bibi alikuwa ameketi akida wa Wajerumani, na askari wawili, na wapagazi na mizigo ya kwenda boma la Mahenge. Wakati huo wakubwa wa boma walikuwa hawapendi kuona watu wawili wakinong'ona, sembuse vijana kumi na sita wenye mabega.

Akida akaniita mimi. "Mnatoka wapi?"

"Michenga, bwana."

"Mnakwenda wapi?"

"Hapa kichuguuni."

"Kufanya nini?"

"Kurudi, bwana."

Askari mmoja alinipiga kofi. Akida akawageukia wa Kisawasawa. "Na nyinyi?"

"Tunakwenda Michenga."

"Hawa wa Michenga wamekuja kuwafuata?"

"Hapana bwana, njia tunaijua. Wamekuja kutembea. Wasipotembea si haki."

Ilibidi tumweleze yote, pamoja na tonge na kitanda. Alisikiliza bila kupepesa macho. Mwisho akasema, "Hawa wametembea nusu mpaka hapa. Nyinyi mmetembea nusu mpaka hapa. Kwa nini hamshikani hapa hapa mkarudi makwenu?"

Naapa, watu kumi na sita, miaka mitatu, hakuna aliyewahi kufikiri hivyo. Tulitazamana kama mbuzi walioona mvua. Bibi alicheka hadi akaacha chungu kikapinda.

Mwenzangu ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeudhika. "Hapa nani atatupikia, bwana?"

"Msinitazame mimi," bibi akasema.

"Mkishikana bila kukaribishana," mwenzangu akaendelea, "huo si mweleka, ni ugomvi."

Akida akasimama. Mpagazi wake mmoja alikuwa ametoroka tangu jana, na mzigo umebaki chini. "Shikaneni," akasema. "Nataka kumwona mwenye nguvu kuliko wote. Atakayebaki amesimama atabeba huu mpaka Mahenge."

Kama hamjawahi kuona mieleka ya watu wanaogombea kushindwa, hamjaona kitu. Nilimgusa mwenzangu bega, akaanguka. Lakini mimi nilikuwa nimeanguka kabla yake. Mmoja wetu, mkubwa kama ng'ombe, aliangushwa na upepo. Wawili walilala chini wakabishana nani yuko chini ya mwenzake. Hata mpagazi mmoja wa akida alijilaza, labda kwa kujaribu bahati. Askari wakaingia na viboko, na mtu akisimama kukwepa kiboko alijitupa tena upande wa pili.

"Basi!" akida akapiga kelele. "Ajitokeze mmoja, au nawachukua wote!"

Nilibaki chini, uso kwenye vumbi. Nikasikia mtu anajipangusa. Alikuwa yule mrefu.

"Safari hii zamu ya kusafiri ni yetu," akasema, kama anayeamua kesi ya kuku. "Wa Michenga zamu yao ni kukaribisha." Akajitwisha mzigo. Alipopita karibu yangu akainama kidogo. "Mwambie mama yako asimchinje jogoo. Nikirudi napitia kwenu."

Nawaambia ukweli, kwanza nilifurahi kwamba si mimi. Furaha ile ilinikaa kama pumzi tatu hivi. Kisha nikaona haya, na haya ile haijanitoka mpaka leo nimezeeka.

Hakurudi mwezi ule, wala ule uliofuata. Watu wa dawa ya maji wakaja, wakisema risasi zitageuka maji. Wenzangu wa Michenga walibishana kwanza kama mtu aliyekunywa dawa hiyo anaweza kushikana na asiyekunywa, au si haki. Kisha wakanywa wakaenda Mahenge. Mimi nilikuwa na homa, sikwenda. Nasikia pale bomani ile bunduki ya kuzunguka, inayomimina risasi kama mvua, haikujua sheria yoyote. Katika wale saba walirudi wawili. Baadaye askari wakachoma maghala, ikaja njaa, tukala mizizi na samaki, na yule jogoo mama akamchinja akilia, akaniambia, "Huyu hakuwa wako, alikuwa wa mgeni."

Mvua mbili zilipita. Siku moja mchana nilikuwa nashona wavu, nikaona mtu anatokea upande wa mtoni. Nilimjua kwa urefu tu, maana vingine vyote vilikuwa vimeisha. Mbavu unazihesabu.

"Hodi," akasema. "Nimekuja. Bomani ndiyo kwanza wameniachia. Tushikane tuimalize, kesho niende nyumbani."

Mama akatoka, akamtazama, akarudi ndani kulia. Tulikuwa na samaki na kibaba cha mtama alichofukia chini ya meko, basi. Nilimjua mwenzangu. Ukimwambia, "Kaa kwetu upate nguvu," angeona umemhurumia, na angeondoka saa ile ile akafie njiani. Na mimi nilitaka ale. Sikutaka kitu kingine.

"Sishikani na wewe," nikamwambia kwa ukali.

"Kwa nini?"

"Umetembea mpaka Mahenge na kurudi, na mzigo. Mimi nimetembea wapi? Nikikuangusha leo watasema mwenye nyumba ameshinda. Wewe ndiye uliyeitunga sheria hii. Au umeisahau?"

Akakaa chini. "Ni kweli," akasema taratibu. "Si haki."

Nikachukua kinu cha mama kiwe mzigo wangu, nikajitwisha.

"Na mimi nitatwanga kwenye nini?" mama akapiga kelele. "Kwenye kichwa chako?"

Nilipofika kichuguuni nilimweleza bibi mfinyanzi. Alifikiri, akachora mistari kwenye udongo mbichi. Akasema Mahenge kwenda na kurudi ni sawa na kuja kwake na kurudi Michenga mara kumi. Nilipompelekea mwenzangu hesabu hiyo, kwa vile ni mkweli kupita kiasi, alikiri kwamba mzigo aliubeba wakati wa kwenda tu. Kwa hiyo ikawa siku tano na kinu, siku tano bila kinu. Kila alfajiri niliondoka, kila alasiri nilirudi, na kila nikirudi nilimkuta anakula. Mwanzoni alikataa kula mimi nikiwa sipo, akasema tonge kwa tonge. Mama akamjibu kwamba sheria ile ni ya mwenyeji aliye nyumbani, na huyu wetu yuko safarini. Kwa hoja hiyo hiyo akamlaza kitandani. Siku ya tatu mama alimpa jembe, kwa kicheko, naye akalima kipande kizima cha bustani. Nilimwona mgongo unarudi. Wangu ulikuwa unakwisha.

Siku ya kumi nilifika nikijikokota. Alikuwa ananisubiri uani, amejifunga nguo kiunoni. Tukashikana. Aliniinua, nikaona paa, nikaona anga, nikatua chali. Mama yangu mwenyewe alimpigia vigelegele, msaliti yule.

Alisimama juu yangu, anahema. "Umejiangusha?"

"Sikujiangusha."

"Kama siku ile kichuguuni?"

"Siku ile nilijiangusha. Leo umeniangusha wewe."

Alinitazama sana. Kisha akakaa kwenye vumbi kando yangu akalia, na mimi nikalia, na mama akasema tuondoke uani kuku wanataka kupita. Hatukuwa na kuku hata mmoja.

Kesho yake nilimsindikiza hadi kichuguuni. Bibi akatupa maji. Mwenzangu alisita pale, akitazama njia ya kwao. Tangu siku ile ya akida hakuwa amepata habari yoyote ya Kisawasawa.

"Sasa zamu ya kusafiri ni yako," akasema. "Mama, kama yupo, jembe lako analo."

"Utanipokea?"

"Hapa hapa."

Mvua zilipokwisha nikaenda. Nilitembea nusu yangu nikiwa na hofu kuliko siku yoyote ya mieleka, na karibu na kichuguu nilitamani kugeuka nirudi. Nikawaona. Walikuwa wawili. Yule mrefu alikuwa mbele. Nyuma yake, akichechemea, akinung'unika kwamba haki hii itamuua, alikuja mama yake, na jembe begani.