Mimi Bukuru, pacha wangu Butoyi

Jamani, leo nimelia mbele za watu hapa Guildford, Uingereza.

Serikali iliita watu watoe maoni kuhusu wingi wa makaratasi yake. Nikasema heri, leo nitasikilizwa! Maombi ya kumleta pacha wangu kutoka kambini Kigoma yanarudishwa kila mara, eti majina yetu ya ukoo hayafanani.

Yatafananaje? Sisi Warundi kila mtoto ana jina lake. Mimi Bukuru, yeye Butoyi. Ni kama Kulwa na Doto tu. Majina yenyewe yanapiga kelele kwamba tumetoka tumbo moja!

Nikaenda. Dada wa ofisi ya maoni alinisikiliza, akasikitika kweli.

Kisha akanipa fomu ya kuandikia hayo maoni.

Nikajaza jina langu na la pacha wangu. Akasoma, akasema kwa upole, "Majina hayafanani. Ambatanisha uthibitisho kwamba ni ndugu yako."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya Butoyi.

"Hapana," akasema, "hii ni yako. Nionyeshe ya pacha wako."

Mwenye njia nyingine aniambie. Butoyi anasubiri nimpigie, na sijui nianzie wapi.