Mboga za Kuongeza Damu

Binti yetu ana miaka sita na amepewa jina la mama yangu, kwa hiyo mimi humwita mama, na bibi yake akija kututembelea hapa Kisongo humwita mke mwenza. Mwaka jana huyu mama mdogo alianza kukataa mchicha, ingawa tulimwambia unaongeza damu. Sikujali, maana ni mtoto gani anayeshangilia mchicha? Ila baadaye akawa analala katikati ya mchezo, saa nne asubuhi, mdoli mkononi. Zahanati wakampima, wakasema damu imepungua. Wakampa dawa ya maji, na muuguzi akatuambia tumkazanie mboga za majani.

Hapo nyumba yetu ikageuka mkutano wa kampeni. Mke wangu: "Kula mama, mnafu unaongeza damu." Mimi: "Matembele haya ni damu tupu." Bibi yake akaja na mnafu kutoka Kikwe, akaupika kwa maziwa ili uchungu upungue, akakaa naye mkekani. "Mke mwenza, kijiko kimoja tu, uone damu itakavyojaa mwilini." Mtoto akafunga mdomo, akatazama ukuta. Dawa ya zahanati aliitemea kwenye kapeti. Niliogopa, tena sana, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikagonga meza, akalia, chakula kikapoa.

Kazi yangu ni ufundi wa friji, na friji haigombezwi. Isipopoza unaitazama: inawaka lini, inazima lini, inatoa mlio gani. Nikaamua kumtazama binti yangu vivyo hivyo, bila kusema neno.

Nilichokiona kilinichanganya. Kabichi alikula. Karoti alizitafuna mbichi. Bamia, ambazo mimi mwenyewe hunishinda kwa ule utelezi wake, alizimaliza akaomba na zangu. Basi ugomvi wake haukuwa na mboga. Nikasema labda ni uchungu, lakini dawa ya kikohozi, chungu kuliko mnafu wowote, aliinywa na kijiko akakilamba. Nikasema labda ni ukijani, bamia zikanikatalia. Kisha Jumapili moja mke wangu akakaanga maini. Binti yetu kwa nyama hana mpinzani, akasogea, akauliza ni nini, akaambiwa. Akasukuma sahani. Siku chache baadaye akakataa juisi ya rozela, ya baridi, yenye sukari, ambayo watoto wa jirani walikuwa wakiigombania.

Nilikaa jikoni nikijiuliza maini, rozela na mnafu vinajuana wapi. Havifanani rangi wala ladha, na kimoja kinatoka kwa ng'ombe. Nilizunguka na swali hilo hadi nikasikia kichwani sauti yangu mwenyewe ikihubiri mezani. Kilichoviunganisha ni maneno yetu tu. Vyote tunasema vinaongeza damu.

Nikamfuata uani.

"Mama, hutaki damu yako iongezeke?"

Akanisogelea, akapunguza sauti. "Mimi nimeshajaa, baba. Shuleni ilifurika ikatoka puani. Dada mmoja wa darasa la tatu akasema ikiongezwa tena itatokea machoni."

Siku anayoisema niliikumbuka. Alirudi na sketi imelowa, nasi tukadhani wamechezea bomba, kumbe mwalimu alikuwa amemmwagia maji kichwani ili damu ikate. Tangu hapo, kila tulipomwahidi damu tulikuwa tunamtisha, na yeye akawa anajilinda peke yake.

Nilimweleza nilivyoweza: kwamba mwili si ndoo, kwamba puani kulipasuka kishipa kidogo tu kwa sababu ya jua kali, kwamba anachoka hivi kwa kuwa damu yake ni kidogo. Alisikiliza vizuri, akauliza nimejuaje. Nikasema muuguzi aliipima. Akauliza kama muuguzi alichungulia puani. Nikasema hapana, hakuchungulia.

Akafikiri.

"Basi macho nitafumba mwenyewe," akasema. "Wewe nishike pua."

Mnafu wa mchana ulikuwa bado jikoni. Nikaleta bakuli, nikachuchumaa mbele yake, nikambana pua kwa vidole viwili. Akafumba macho kwa nguvu zote, akapeleka kijiko mdomoni kwa kupapasa, akameza, akatulia kidogo akisikilizia. Hakikutokea kitu. Akachota tena. Alikuwa ameshafika nusu ya bakuli mke wangu alipotoka ndani na kutukuta hivyo.

"Baba, ndiyo umefikia kumlisha mtoto kwa nguvu?"

"Hapana, mama," binti yetu akajibu kwa sauti ya pua iliyobanwa, mdomo umejaa, macho bado ameyafumba. "Nakula mwenyewe. Baba ananizuilia damu tu."