Injini ya Kushukia Mlima

Bloku ya injini ya lori la shangazi ilipasuka Jumanne. Ijumaa jioni akaletewa barua. Kamati ya zahanati ilimwarifu kwa adabu kwamba tangi lao limebaki na maji ya siku mbili. Asipofika Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, kazi watapewa watu wenye "magari ya kisasa". Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiteremsha maji kutoka kisima cha mlimani hadi wodi ya wazazi bondeni, na hawakuona haya kumwandikia hivyo. Niliikunjakunja ile barua kwa hasira. Yeye aliikunjua, akainyoosha gotini.

"Hasira haiwashi lori, mwanangu. Kesho twende yadi."

Lori lenyewe lilinizidi umri. Lilikuwa la tani saba, lenye pua ndefu na milango ya kufungwa kwa kuvuta mara mbili. Alilinunua kwenye mnada wa idara alimokuwa karani, siku walipoliandika kuwa chuma chakavu. Wenzake walicheka mpaka wakafuta machozi, maana alikuwa na miaka thelathini na minane na hajawahi kushika usukani. Alijifunza kuendesha kwa lori hilohilo. Sasa mtaa mzima unamwita Mama Tangi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa watatu yadini: yeye, mimi na fundi wake wa siku zote, mzee anayeitwa Fundi Kobe kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mimi nilikuwa na shahada yangu ya mitambo na daftari lililojaa hesabu.

Injini za mitumba zilikuwa zimekalishwa juu ya matairi, ardhi nyeusi kwa oili. Zilizoweza kuingia kwenye lori letu zilikuwa mbili tu, na bei zake zilikaribiana. Ya kwanza ilitoka kwenye jenereta la ofisi fulani, rangi bado inang'aa. Ya pili ilitoka kwenye lori kama letu lililopinduka. Tope kavu lilikuwa bado limeng'ang'ania ubavuni.

"Dada, hii ni bibi harusi," mwenye yadi alisema, akiipigapiga ya kwanza. "Ilikuwa inaamshwa umeme ukikatika tu. Ile pale ni bibi kizee."

"Chema chajiuza," shangazi akajibu. "Mbona huyu bibi harusi unamtembeza?"

Mwenye yadi akaiwasha. Ilinguruma taratibu, bila moshi. Nilisoma saa zake za kazi, nikapima mgandamizo wa kila silinda, nikaandika. Hesabu zote zilikuwa upande wake. Wakati huo bwana mmoja mwenye koti la kaki aliingia, akaizunguka, akatoa simu.

"Mama, ukishindwa mimi nipo."

"Dakika kumi, dada," mwenye yadi akasema. "Baada ya hapo tusilaumiane."

"Tuichukue," nikamwambia shangazi. "Hakuna cha kufikiria."

Alikuwa amepitisha mkono nyuma ya alternata, kile kifaa cha kuchaji betri, anapapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akautoa mkono mtupu.

"Kobe. Pampu iko wapi?"

Fundi Kobe akainama, akatazama, akatikisa kichwa. Breki za lori lile husaidiwa na pampu ndogo ya kufyonza hewa, inayokaa mgongoni mwa alternata. Jenereta haliendi popote, halihitaji breki. Mimi sikuwa nimetazama huko hata mara moja.

"Tutahamisha ya zamani," nikasema haraka.

"Inataka kikalio na mirija ya oili," Fundi Kobe akasema. "Mchonga vyuma hafungui mpaka Jumatatu."

"Basi Jumatatu tushuke bila pampu. Safari moja tu! Pedali itakuwa ngumu kidogo, lakini kazi itakuwa imeokoka. Jumanne tunafunga pampu."

Fundi Kobe akaanza kuifuta spana iliyokuwa safi.

"Ile kona ya mbele ya lori iliyobonyea," shangazi akaniambia, "uliyokuwa unawekea kikombe chako ukiwa mdogo. Unajua ilibonyeaje?"

"Uligonga ukuta."

"Mwaka wangu wa pili. Injini ilinizimikia nikishuka na tangi limejaa. Injini ikizima, pampu nayo imekwisha. Nilikanyaga mara ya kwanza, ikaitika. Ya pili, nusu. Ya tatu, pedali ikawa jiwe. Nikaisimamia kwa miguu miwili kama napanda ngazi. Mbele, pale zahanati, kulikuwa na wajawazito kwenye benchi, wanasubiri kliniki. Nikachagua choo."

"Choo?"

"Cha matofali. Nilimwomba Mungu kiwe kitupu."

"Mhasibu wa zahanati alikuwa ndiyo kwanza ametoka," Fundi Kobe akasema. "Mkanda bado mkononi."

Mwenye koti la kaki akacheka. Mimi sikuweza. Miaka minne chuoni nilifundishwa kupima nguvu za injini, na hakuna mtihani hata mmoja ulioniuliza nani amekaa kwenye benchi mwisho wa mteremko. Nilifunga daftari.

"Mpe huyo bwana," shangazi akasema.

Dakika chache baadaye bibi harusi alikuwa juu ya gari la bwana yule. Sasa ilibaki moja. Ikikataa, Jumatatu hakuna maji, na baada ya Jumatatu hakuna kazi.

Betri ikaletwa. Stata ikalia, ikachoka. Mara ya pili, vilevile. Mwenye yadi akatazama angani. Fundi Kobe akalegeza nati ya mrija wa dizeli, akatoa hewa, akakaza tena, polepole mpaka nikatamani kumnyang'anya spana. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikatapika moshi mweupe, ikayumba, ikashika.

Shangazi akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake. Kikirushwa na pumzi ya injini, pistoni zimekwisha. Kilitetemeka. Kikasogea hadi ukingoni. Tulikitazama dakika tano nzima, na hakikuanguka. Moshi ukaanza kupungua.

Kisha akaziba mdomo wa pampu ya injini hiyo kwa kidole gumba. Kikabanwa.

"Inanyonya kama mtoto," akasema. "Ifungeni."

Jumapili yote tuliimaliza chini ya winchi ya mnyororo. Jumatatu saa moja na nusu tulikuwa kileleni, tangi limejaa, shangazi kwenye usukani, mimi pembeni nikishikilia dashibodi. Kabla ya kona ya mwisho, mkokoteni wa kuni ukakatiza barabara. Shangazi akakanyaga breki. Lori likainamisha pua, likasimama. Maji nyuma yetu yakaja mbele kwa kishindo, yakatusukuma, yakarudi. Mkokoteni ukapita bila haraka.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Mbili kasoro dakika kumi na moja."

Tukaingia zahanati. Mhasibu, mvi tupu sasa, alikuwa anatoka kwenye choo kipya. Alipoona ile kona iliyobonyea ikimjia, alirudi nyuma hatua tatu, akajibana ukutani, ndipo akanyoosha mkono kumwamkia shangazi.