Viatu vya Mwenyekiti Tietz

Kwa miaka ishirini na sita, kila asubuhi ya maonyesho ya kaunti yetu hapa Nebraska, Lavonne Hruska, mtunza uwanja, alivua viatu akaukanyaga uwanja wa mbio za farasi peku, kutoka lango hadi lango. Kijiwe kilichojificha kwenye udongo macho hayakioni, unyayo haukikosi. Akikigusa huinama na kukitupa kwenye kopo tupu la kahawa. Udongo ule aliuchekecha na kuumwagilia mwenyewe, na hakuna farasi aliyewahi kuchechemea pale.

Mei ya mwaka huo wa ishirini na sita Merle Tietz, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho, aliwakodishia uwanja watu wa maonyesho ya magari. Mvua ikanyesha, magari yakakwama matopeni, naye akaagiza malori mawili ya kokoto yamwagwe humo humo. Hakumwuliza Lavonne. Nasema wazi, mimi mkata tiketi wa lango kuu, kwamba nilitamani kumzaba kofi.

Lavonne alichekecha kokoto wiki kumi, mgongo ukimuuma. Asubuhi ya mbio za wanawake, za kuzunguka mapipa kwa farasi, akapita peku kama kawaida. Alipomaliza, kopo lilikuwa limejaa na nyayo zinavuja damu. Akalifunga lango la uwanja kwa mnyororo na kufuli.

"Lavonne, usinitie aibu," Merle alisema mbele ya wanawake waliokwisha kutandika farasi wao. "Majukwaa yamejaa. Farasi wana viatu vya chuma, wewe unawapimia kwa vidole vyako?"

"Chuma kiko ukingoni, Bwana Mwenyekiti. Katikati ya ukwato ni laini kama hapa." Akamwonyesha unyayo. "Farasi akikanyaga kokoto kwa kasi ile anaanguka, na aliye mgongoni anaanguka naye. Utambeba wewe?"

"Maneno ya kizee hayo. Lete ufunguo."

"Vua viatu. Ukivuka hadi lango la pili bila kusimama, ufunguo ni wako."

Wanawake wakaangua kicheko. "Vua, Merle! Au soksi zimetoboka?"

Akavua, uso umemwiva. Lavonne akamfungulia. Hatua tisa alitembea akitabasamu. Ya kumi akaruka, akashika mguu, akarudi akirukaruka kwa mguu mmoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wa udongo ule hakuwa Merle.

Nilidhani ataomba radhi. Wapi! Alipanda hivyo hivyo peku hadi kibanda cha mtangazaji, akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, mbio zimeahirishwa kutokana na hali ya hewa."

Hapakuwa na wingu hata moja. Watu walitazama juu, wakatazamana. Mwanamke amewaokoa watu shingo zao, na bado jina lake halitajwi, wala kokoto hazitajwi.

Lavonne aliokota viatu vya Merle, vile vya ngozi vilivyopigwa rangi hadi kung'aa, akavirusha kimoja baada ya kingine katikati ya uwanja.

"Bwana Mwenyekiti!" alipaza sauti hadi majukwaa yote yakamgeukia. "Hali ya hewa imetulia. Kavichukue!"

Merle alibaki kibandani, mkono ukutani, mguu mmoja juu. Jioni nilipofunga lango kuu, viatu vilikuwa bado palepale.