Nyuki wa Maboga ya Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Kasokola, hakuna aliyethubutu kugombana kwenye bustani ya bibi maboga yakiwa na maua. Bibi, mama yake baba, alilima maboga na alizeti nyuma ya nyumba. Kwenye mti wa pembeni marehemu babu aliacha mzinga wa gome, umening'inia chini kiasi cha mtu mzima kuugusa. Bibi alisema nyuki wanazijua sauti za watu wa nyumba inayowalisha. Ukimwaga damu ya mwenzako mbele yao, wanakuadhibu hapo hapo. Mimi na dada yangu tukitaka kutukanana tulikwenda barabarani.

Asiyeamini alikuwa baba mdogo Kalisto, kitinda mimba wa bibi. Alikuwa mcheshi, lakini akinywa alimpiga mkewe, mama mdogo Rozi, kama anayepura maharage. Wazee walisuluhisha. Wiki ikipita, anapigwa tena.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika, saa nne asubuhi, maua yamefunguka, kila ua na nyuki wake. Nilikuwa nachuma majani ya maboga na bibi. Mama mdogo akaja mbio, mdomo umepasuka, damu inachuruzika kwenye kanga. Nyuma yake baba mdogo na mpini wa jembe.

"Kalisto! Humu usiingie!" bibi alipiga kelele.

"Mama, kaa pembeni!"

Akampiga mkewe mgongoni. Nilisikia mlio wa mpini. Mama mdogo akaanguka juu ya maboga. Baba mdogo akauinua mpini tena kwa nguvu zake zote, na ncha yake ikaupasua mzinga uliokuwa nyuma ya kichwa chake.

Nyuki walimfunika baba mdogo uso wote. Mama mdogo alitambaa akajificha kwenye mahindi, na wachache tu walimfuata. Mimi nilikimbilia jikoni, nikaweka makaa kwenye kigae, nikatupia majani mabichi, nikarudi na moshi. Bibi akanishika mkono.

"Bibi, watamuua!"

"Subiri."

Baba mdogo alikuwa anagaragara, nyuki wamejaa mdomoni. "Mama! Mama, nakufa!" Bibi hakuniachia. Alipoacha kuita, ndipo bibi akaninyang'anya kigae, akaingia bila hata kujitanda, akamburuta mwanawe kwa miguu.

Alipelekwa Mpanda kwa pikipiki. Alipona, ila jicho la kushoto halikuona tena. Na hakumpiga mama mdogo tena mpaka alipokufa. Kijiji kizima kilisema ni nyuki. Bibi naye alisema hivyo hivyo.

Leo mimi mwenyewe nafuga nyuki, huku Ugalla. Najua mzinga ukipigwa hawaulizi nani mwenye makosa. Najua pia kwamba moshi ule ungeweza kufika mapema zaidi. Nina watoto wa kiume wawili, na nimejaribu mara nyingi kujiweka pale aliposimama bibi. Nashindwa.

Mwaka jana mama mdogo Rozi alinitembelea. Tukiwa tunakamua asali, akauliza, "Hivi siku ile, moshi ulichelewa kwa nini?"

"Makaa yalikuwa yamezimika, mama mdogo."

Akaendelea kukamua. Hakuuliza tena. Nadhani sote wawili tuliona ni afadhali waliomwadhibu wabaki kuwa nyuki.