Mwenye Wageni Wengi

Kitanda changu na chake vilikaribiana katika hospitali moja ya Butembo, miaka ile ya vita. Sote wawili tulikuwa tumejifungua kwa kupasuliwa. Yeye alikuwa mke wa mfanyabiashara aliyeleta vitenge na pikipiki kutoka Dubai, na mjini hapakuwa na harusi iliyofana bila yeye kuketi mbele. Mimi nilikuwa mke wa mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikuwa amekwama Mangina, njia zimefungwa.

Nilimwonea wivu tangu asubuhi ya kwanza. Wageni wake walikuja kwa makundi, wamevaa vitenge vya sare, manukato yao yakifika hadi kwangu. Walileta kreti za Fanta, wakazinywa wenyewe. Walicheka, walimsifu mtoto, mmoja akakalia miguu yangu wala hakuomba radhi. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu: mama mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki. Yeye ndiye aliyekuwa garde-malade wangu, yaani yule ndugu anayelala hospitalini na mgonjwa, ampikie, amwogeshe, amfulie nguo zenye damu. Niliona aibu kwamba nina huyo peke yake, na kitenge chake kimepauka.

Siku iliyofuata muuguzi aliingia na beseni, wageni wamejaa.

"Garde-malade ya huyu mama ni nani? Kuko nguo za kufua."

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akakumbuka soko, mwingine akamkumbuka mumewe.

"Mais chérie, mpenzi wetu, tutarudia kesho," wakasema, wakambusu, wakatoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliachiwa chupa tupu. Mumewe alikuwa safarini, mama yake mzazi alikuwa Beni, na barabara ya Beni siku hizo ilikuwa ya wanajeshi. Akageukia ukutani, akalia. Moyo wangu ulituama vizuri kabisa, ukasema: ehe, na wewe onja. Lakini raha hiyo haikudumu, maana mama mdogo alikuwa ameshalichukua lile beseni.

"Hapana kulia, mutoto wangu," akamwambia.

Mtoto wangu! Jina hilo lilikuwa langu. Tangu hapo uji wangu ukagawanywa. Mama mdogo akawa anamshika mkono kumtembeza ukumbini, naye anamwita "mama" kwa sauti ya kudeka ambayo mimi niliiacha utotoni. Nikaanza kuumwa mahali pasipouma, ili tu mama mdogo arudi upande wangu. Wale marafiki waliporudi na vicheko vyao, mwenzangu alifumba macho akajifanya amelala. Walipotoka tu, akayafumbua.

"Mama eko wapi?" akaniuliza.

"Mama yangu," nikamjibu, "ameenda kufua."

Sote wawili tuliruhusiwa kwenda nyumbani siku ileile. Dereva wake akaja na gari ambalo mji mzima ulilijua, na mwenzangu akasisitiza nipelekwe kwangu kwanza, tena niketi mbele. Kiti kile nilikuwa nimekiota miaka mingi. Mtaani watu walitoka kunitazama, nami sikuwa na habari nao. Shingo yangu ilikuwa imegeukia nyuma, ambako kichwa chake kililala begani kwa mama mdogo.

Mlangoni kwangu nilishuka na mtoto. Mama mdogo hakushuka.

"Wewe uko na batu," akaniambia dirishani. "Angalia, banakuya. Huyu hana na mutu. Akishapona, nitarudia."

Ni kweli, jirani mmoja alikuwa ameshanipokea mtoto, mwingine alikuwa akiingiza kuni jikoni kwangu. Nilisimama katikati yao nikilitazama gari likiondoka, nikimwonea wivu mwanamke asiye na mtu, kwa sababu sasa alikuwa na wangu.